Kidonge cha Ua Jeupe

"Dada, nishike mkono. Hapa pana giza."

Hapakuwa na giza. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa ukumbini mpaka kwenye miguu ya cherehani, na vipande vya kitambaa cha sare za shule vilikuwa vimetapakaa sakafuni vikingoja kuunganishwa. Lakini Fundi aliiacha kazi yake, akaenda kumshika mkono mama mkwe wake, wakakivuka pamoja kile kizingiti kidogo cha chumba kana kwamba wanavuka mto.

"Ahsante, dada," alisema Bi Mkubwa. "Mungu akuweke."

Fundi aliitika. Mwanzoni alikuwa akimsahihisha: mimi si dada yako, mama, mimi mke wa mwanao. Kila aliposema hivyo bibi wa watu aliingiwa na hofu, macho yakazunguka chumbani yakitafuta pa kushika, na siku nzima ikaharibika. Basi akaacha. Akawa dada. Na huyo dada, aliyefariki kabla Fundi hajazaliwa, ndiye aliyemlea Bi Mkubwa tangu udogo, kwa hiyo kuwa dada katika nyumba ile kulikuwa ni kupendwa kuliko mtu yeyote.

Hapo ndipo penye ajabu, maana Bi Mkubwa wa zamani, yule mwenye akili zake timamu, hakumpenda Fundi hata chembe. Wala hakuficha. Alikuwa msimamizi wa chumba cha pasi katika hospitali kubwa, na Fundi alikuwa msichana mgeni wa kazi chini yake, mpaka siku alipoisahau pasi juu ya gauni la daktari wa upasuaji likatoboka. Bi Mkubwa alilinyanyua lile gauni mbele ya kila mtu, akachungulia kwenye tundu kama anayechungulia dirishani, akasema, "Naiona barabara ya kwenda kwenu. Ifuate." Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Haukupita muda mrefu mwanawe wa kiume akaleta mchumba nyumbani, na mchumba alikuwa yule yule.

"Nimemfukuza mlango wa mbele, kaingia mlango wa uani," Bi Mkubwa aliwaambia wageni siku ya harusi. Tangu hapo hakumwita mkwe wake kwa jina ila moja: Mchoma Nguo.

Sasa mtu huyo huyo alikuwa akimgawia nusu ya mkate wake, akimpapasa nywele, akimsimulia mambo ambayo hakumsimulia mtu mwingine. Fundi alishona sare za watoto wa watu huku akisikiliza, na mara nyingine alijiuliza kama ni dhambi kuufurahia ugonjwa.

*

Mumewe hakuufurahia. Mtaa mzima ulimwita Makanika, kwa sababu gari lolote lililozimika njiani liliishia mbele ya mlango wake, na kwake yeye hakukuwa na kitu kilichoharibika kisichokuwa na sababu yake.

"Mama hanijui," alimwambia mkewe jioni moja, akinawa grisi mikononi. "Ameniuliza kama nimekuja kutengeneza bomba."

"Ukamwambiaje?"

"Nimelitengeneza. Kweli lilikuwa linavuja."

Walicheka wote wawili, kisha Makanika akageukia ukutani, na Fundi akajikausha kama hakuona.

Ndipo Makanika aliponunua unga wa dawa. Palikuwa na mtu kando ya kituo cha mabasi mwenye meza, mwavuli na kipaza sauti, aliyesema unga wake wa kijani una majani yote yanayofufua ubongo. Bi Mkubwa aliunywa kwa maji ya uvuguvugu, na siku ile hakukumbuka chochote zaidi ya njia ya chooni. Fundi alifua mashuka mpaka vidole vikakunjamana. Makanika alirudi kwa yule muuzaji kudai haki yake. Muuzaji akamsikiliza kwa adabu zote, kisha akakiinua kipaza sauti.

"Jamani, huyu ndugu yenu kampa mama yake vijiko viwili badala ya kimoja! Hata maelekezo ya dawa ya kukumbuka kayasahau!"

Kituo kizima kiliangua kicheko. Makanika alirudi nyumbani kichwa chini, akaingia chini ya gari la mteja, na hakutoka mpaka walipomwita kula.

*

Daktari wa wazee alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, na alikuwa mtu wa kwanza baada ya muda mrefu kumsemesha Bi Mkubwa mwenyewe badala ya kuwasemesha waliomleta. Alimwonyesha saa. Bi Mkubwa akasema, "Kile cha kuzunguka." Akamwonyesha kalamu. "Cha kuandikia hicho." Akamwonyesha picha ya pasi, na yule mwanamke aliyetawala chumba cha pasi sehemu kubwa ya maisha yake aliitazama, akaitazama, mpaka machozi yakamlengalenga.

"Nakijua," alisema. "Nakijua sana. Kimenikalia hapa," akagusa ulimi.

Baada ya vipimo vya damu na vya kichwa daktari aliwaita tena. "Sitawadanganya," alisema. "Ugonjwa huu hauponi. Lakini ipo dawa inayoweza kumsaidia kwa muda. Wengine haiwafanyii lolote. Wengine inawasimamisha pale walipo. Wachache inawarudisha nyuma kidogo, wakawa kama walivyokuwa kabla."

"Inatokana na nini?" aliuliza Makanika, ambaye kile kipaza sauti kilikuwa bado kinamlia masikioni.

"Mwanzo wake ni ua. Lipo ua dogo jeupe la nchi za baridi, linaota theluji ingali ardhini. Kwenye kitunguu chake, kule chini, ndimo dawa ilimopatikana."

"Aa, daktari! Si mitishamba hiyo? Mimi nimetoka kuchekwa na mji mzima kwa ajili ya mitishamba."

Daktari alicheka mpaka miwani ikamtelemka. "Huu ni mtishamba uliokwenda shule. Umeulizwa maswali ukajibu. Watu wamechambua kitu gani hasa ndani ya ua kinafanya kazi, kiasi gani kinafaa, kiasi gani kinadhuru, kisha wakakijaribu kwa wagonjwa wengi. Ule unga ulioununua huenda una kitu kizuri ndani yake, huenda hauna. Hakuna aliyeuuliza."

Fundi, aliyekuwa amekaa kimya na mkoba wa mkwe wake mapajani, alijikuta anasema. "Na kinafanya nini kichwani?"

"Ndani ya ubongo kuna kitu kinachopeleka habari kutoka sehemu moja mpaka nyingine. Kwa mama yako kimepungua, na hicho kidogo kilichobaki mwili unakifuta upesi. Hii dawa ya ua inachelewesha ule ufutaji. Basi. Habari inapata nafasi ya kufika."

"Na ua lilijuaje?"

"Lilijuaje nini?"

"Kwamba sisi huku tuna kitu hicho vichwani. Ua limekaa zake kwenye baridi, halijawahi kumwona mama, na ndani yake lina kitu kinachoingia kichwani mwa mama kama ufunguo."

Makanika alimkanyaga mguu kwa aibu. Lakini daktari aliiweka kalamu mezani na kumgeukia Fundi.

"Halikujua," alisema. "Mimi naandika dawa hii kila siku, na swali hilo bado linanisimamisha nywele."

*

Kazi ya kumpa kidonge ilimwangukia Fundi, kwa kuwa ndiye aliyeshinda nyumbani. Alimpa kila asubuhi baada ya uji. Mwanzoni Bi Mkubwa alichafukwa na tumbo, akakonda, akawa anasukuma bakuli. Dawa haikuwa ya bei ya mchezo, na Makanika alianza kukesha chini ya magari ili kuilipia. Jirani alichungulia juu ya ukuta na kuuliza kama na hii nayo ni ya kijani.

Kisha, siku moja, Fundi alikuwa kwenye cherehani na Bi Mkubwa kwenye kiti chake karibu na mlango, kimya, mikono mapajani.

"Kola," alisema Bi Mkubwa.

Fundi aliinua kichwa.

"Hiyo kola umeigeuza. Ndani umeweka nje."

Fundi aliitazama ile sare. Ni kweli, alikuwa ameigeuza. Lakini si hilo lililomfanya aondoe mguu kwenye kanyagio. Tangu lini Bi Mkubwa amekiita kitu kwa jina lake? Kila kitu kilikuwa "kile" na "hicho" na "cha nanihii." Na sasa neno zima, kavu, limekaa mahali pake kama kifungo kilichoingia kwenye tundu lake.

"Naam, mama," alisema polepole. "Nimeigeuza. Nitaifumua."

Haikuja kwa kishindo. Siku nyingine hapakuwa na kitu, na siku nyingine Fundi alikuwa dada tena tangu asubuhi mpaka jioni. Lakini kuna mchana Bi Mkubwa alisimama mbele ya kabati akasema, "Sahani za wageni zilikuwa huku juu, nani kazishusha?" Kuna siku alimsikia Makanika anapiga miluzi nje, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hata Fundi hakulijua, na mwanamume yule mwenye kifua kipana akatoka chini ya gari mbio, spana mkononi, akapiga magoti mlangoni akilia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

Fundi alikuwa akiyatazama haya kwa namna ambayo hakuwa na neno lake. Ilikuwa kama kusimama nje ya nyumba uliyodhani imehamwa, ukaona taa inawashwa chumba kimoja, kisha cha pili, na mtu anapita dirishani akifungua mapazia. Asubuhi alikiweka kile kidonge kiganjani kabla ya kumpa, akakigeuza. Kidogo kama punje ya mahindi. Alijaribu kuwaza ua jeupe kwenye theluji, ambayo hakuwahi kuiona, na kitunguu chake chini ya udongo mgumu, gizani, kimeshika kitu hicho miaka na miaka bila ya mtu kukiulizia. Alisisimkwa mwili.

Kisha ikaja asubuhi ile. Fundi aliweka kikombe mezani. Bi Mkubwa alionja, akakunja uso, akamtazama, na yale macho hayakuwa ya mdogo kwa dada yake tena. Yalikuwa macho ya chumba cha pasi.

"Mchoma Nguo," alisema. "Chai hii imepoa."

Fundi alichukua kikombe, akaenda nacho jikoni, akaegemea ukuta. Alicheka. Kisha akagundua kwamba hacheki.

Makanika aliposikia alirukaruka uani. "Kakutukana? Kakutukana kweli, kwa jina lile lile? Mungu mkubwa! Mama karudi!" Alimkumbatia mkewe akamnyanyua juu. Alipomweka chini ndipo alipomwona usoni, na furaha ikamwishia mikononi.

"Samahani," alisema.

"Usiseme samahani. Ni jambo la kushukuru." Na alimaanisha. Ua la nchi za mbali lilikuwa limerudisha mpaka tusi, zima, halina hata alama ya kukunjwa. Nani asingestaajabu? Lakini usiku ule alilala ameelekea ukutani.

*

Mambo yaliharibika bafuni.

"Nani amekuwa akiniogesha?" aliuliza Bi Mkubwa, alipomwona mkwe wake amesimama na ndoo ya maji ya moto na taulo begani.

"Mimi, mama."

"Wewe? Umenivua nguo wewe?"

"Ulikuwa hujiwezi, mama."

Uso wa Bi Mkubwa ulikunjamana, si kwa hasira kwanza, bali kwa haya, haya nzito ya mtu mzima aliyeambiwa alikuwa uchi mbele ya asiyempenda. Hasira ikaja kuifunika. "Toka! Toka nje! Ungeniacha ninuke!"

Alijiogesha mwenyewe mlango umefungwa. Alitoka na povu masikioni na gauni limegeuzwa, mshono nje, akapita hivyo uani mbele ya Jirani na wateja wawili wa gari. Fundi alimfuata akitaka kumrekebisha, akapigwa kofi mkononi. Jirani alitazama pembeni, lakini hakutazama pembeni vya kutosha.

Habari zilimfikia wifi yake Fundi. Alikuwa dada mkubwa wa Makanika, karani wa ofisi, mtu wa mkoba na viatu vya kisigino, na alikuja siku hiyo hiyo. Bi Mkubwa alimshika mkono na kusema, "Mniondolee huyu. Ananivua nguo." Alisema mara moja tu, lakini ilitosha.

"Mama anakuja kwangu Jumapili," wifi alikata kauli. "Wewe Makanika umelala. Mke wako kamgeuza mama kuwa mtoto wake wa bandia. Wakati hajijui alikuwa anamwita dada, na yeye anaitika! Wapi duniani mtu anajibadilisha jina ili apendwe?"

Fundi aliinama akaokota uzi sakafuni. Lilikuwa kweli.

"Kwako atashinda na nani?" aliuliza Makanika. "Wewe uko kazini kutwa."

"Nitafunga mlango. Kuna televisheni."

*

Jumamosi asubuhi Fundi alipika uji, akaupoza, akaweka bakuli mbele ya mkwe wake. Kidonge alikuwa nacho kiganjani. Bi Mkubwa alikuwa bado mzito wa usingizi, na alipoinua macho kulikuwa na ule ukungu wa zamani ndani yake.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo. "Umekuja?"

Mkono wa Fundi uliingia mfukoni mwa aproni ukatoka mtupu.

Hakuwa amepanga. Alijiambia ni leo tu, ni siku ya mwisho, kesho anachukuliwa. Alikaa karibu naye, wakala uji pamoja, na Bi Mkubwa akamfuta mkwe wake tone la uji kidevuni kwa kidole chake mwenyewe. Fundi alirudi kwenye cherehani, lakini sindano ilikwenda upande kila alipokanyaga.

Jua lilikuwa limepanda aliposikia sauti nyuma yake.

"Kidonge changu kiko wapi?"

Aligeuka. Bi Mkubwa alikuwa amesimama wima, mkono kwenye mgongo wa kiti.

"Nimekula uji, sikumeza kitu. Kila siku nameza kitu cheupe. Leo sikumeza." Alikuwa akiyapanga maneno moja moja, kama anayekunja mashuka. "Kiko wapi?"

Fundi angeweza kusema amekwishampa. Nani angebisha? Mgonjwa wa kusahau? Lakini alishangaa mno hata uongo haukumjia. Yule mwanamke ambaye majuma machache yaliyopita hakuijua pasi alikuwa amesimama pale akikumbuka kitu ambacho *hakikutokea*. Alitia mkono mfukoni, akakitoa.

"Umenificha," alisema Bi Mkubwa.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukisahau unanipenda."

Nje Makanika alikuwa anagonga chuma. Akagonga, akagonga, akaacha. Bi Mkubwa akakaa polepole kitini.

"Aliyekuwa akikupenda ni mtu mwingine," alisema. "Na yeye naye alikuwa akimpenda mtu mwingine. Wewe hukuwemo." Akanyoosha kiganja. "Mimi bado hata sijaanza. Lete kidonge, na maji."

Fundi aliyaleta maji. Glasi ikagonga meno ya mama mkwe wake, naye akanywa mpaka tone la mwisho.

*

Jumapili wifi alikuja na teksi. Bi Mkubwa alikuwa amevaa, amechana nywele, amekaa ukumbini kama anayengoja wafanyakazi waingie zamu.

"Nguo zako ziko wapi, mama?"

"Kabatini. Kidonge changu ninameza wakati gani?"

"Nitasoma kwenye pakiti, mama."

"Na ukishaenda kazini, nikitaka kwenda chooni, mlango umeufunga?"

"Wa nje tu, mama. Kwa usalama wako."

"Basi nenda kazini salama, mwanangu. Mimi nakaa hapa."

Wifi alimtazama ndugu yake, akamtazama Fundi, akaliweka begi chini. "Mama, wewe mwenyewe ulisema huyu hutaki akuguse!"

"Nilisema. Na mengine nitayasema, kichwa kikinipa nafasi. Lakini juzi au jana, sijui lini, huyu kanificha kidonge. Nikamuuliza. Akanijibu kweli usoni, kweli mbaya, iliyomdhalilisha mwenyewe. Ninyi wengine tangu niumwe mnaniambia ndiyo mama, ndiyo mama, hata nikisema ukuta ni mlango."

"Kakuficha dawa?" Wifi alipiga makofi ya mshangao. "Makanika, unasikia? Mkeo kamnyima mama dawa!"

Makanika alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha grisi mkononi. Alimtazama mkewe. Fundi hakuyakwepa yale macho, ingawa uso ulimwaka moto. Hakujitetea. Ilikuwa aibu kubwa kuliko ile ya gauni lililotoboka, maana siku ile alikuwa amekosea na jana alikuwa amekusudia.

"Ni kweli?" aliuliza mumewe.

"Ni kweli. Kile kimoja."

"Nyamazeni wote," alisema Bi Mkubwa. "Kidonge changu, kichwa changu. Nimekwisha kulimaliza mwenyewe." Akamgeukia bintiye, na sauti ikalainika. "Lipa teksi, uje unywe chai. Na uvue hivyo viatu, unanichosha kuvitazama."

Wifi alibaki domo wazi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afike, akakaa, akavivua.

*

Alasiri, bintiye alipokwisha kuondoka, Bi Mkubwa alisimama kwenye mlango wa bafu. "Mchoma Nguo. Lete maji."

Fundi alileta ndoo. Bi Mkubwa aliketi kwenye kigoda, akampa mgongo. "Usinitazame usoni," alisema. Fundi alimmwagia maji polepole, akamsugua mabega, ile mifupa myepesi aliyokuwa ameizoea, na mwili ule uliokuwa ukijiachia mikononi mwake sasa ulikuwa umekaza kama kamba. Alisugua bila haraka. Baada ya muda mabega yakashuka.

"Nilipokuwa nakuita dada," alisema Bi Mkubwa, "nilikuwa nakwambia nini?"

"Mengi, mama."

"Moja."

Fundi alisita. "Ulinisimulia siku mama yenu alipofariki. Nyumba imejaa watu, na wewe mdogo hujaelewa, ukaingia chini ya kitanda. Dada akaja akalala huko chini pamoja nawe, vumbi lote lile, na nguo yake nzuri. Hakukwambia utoke. Alikaa nawe mpaka watu wakatawanyika."

Maji yalitiririka sakafuni yakatafuta tundu lao.

"Hilo sikumwambia hata marehemu mume wangu," alisema Bi Mkubwa. "Na sasa hivi, ungeniuliza, nisingelikumbuka. Umenirudishia wewe." Akageuza kichwa kidogo, akamtazama kwa pembe ya jicho. "Daktari alisema hii dawa itachoka?"

"Alisema itachoka, mama."

"Basi likae kwako. Nikilipoteza tena, unisimulie."

"Nitakusimulia."

"Kama lilivyo. Usitie chumvi."

"Sitatia."

"Haya, mwaga maji. Na mkono wako si mbaya," alisema Bi Mkubwa. "Dada alikuwa anaparuza."

*

Dirisha lile la kumbukumbu lilikaa wazi zaidi ya mwaka, muda mrefu kuliko daktari mwenyewe alivyotarajia. Katika mwaka huo waligombana kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya redio, kwa sababu ya namna ya kukunja shuka, na hakuna hata siku moja ambayo Bi Mkubwa alisema anampenda. Kisha maneno yakaanza kumponyoka tena, kola ikawa "hicho," na asubuhi moja hakumwita Fundi dada wala Mchoma Nguo. Alimtazama tu kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyefika na habari.

Fundi aliweka bakuli la uji kando, akavuta kiti, akamsimulia kitanda, vumbi, ile nguo nzuri, na yule dada aliyelala chini bila kusema neno. Hakutia chumvi. Bi Mkubwa alisikiliza mdomo wazi, mikono imeshikana kifuani, kama anayesikia kitu cha ajabu kuliko vyote vilivyowahi kutokea duniani.

"Na yule mtoto," aliuliza, "ikawaje?"

"Alikua, mama. Akawa msimamizi wa chumba kizima cha pasi. Watu walikuwa wakimwogopa."

Bi Mkubwa aliliwaza hilo, na taratibu tabasamu likamjaa usoni.

"Safi," alisema. "Ni vizuri waogope."